Sauti ya Kazini

Mdogo wangu mpendwa Ndimu,

Pokea salamu zangu, wewe na bwana wako, nikitumaini barua hii itawakuta wazima na wenye hamu ya kula. Jino lako limetulia, au bado unatafunia upande mmoja kama mbuzi mzee? Na saluni inaendaje? Ile draya iliyokuwa ikinuka nywele zilizoungua umeitupa, au bado unawafukizia wateja? Nijibu yote, usiruke hata moja, maana siku hizi nina muda mwingi wa kusoma.

Huku kwetu tunaendelea vizuri. Nimeiandika sentensi hiyo, nikaitazama, na sasa naomba uifute kichwani mwako. Imetoka yenyewe. Hatuendelei vizuri, angalau mimi siendelei, na barua hii nimeianza ili nikueleze hivyo.

Najua utashangaa kuona bahasha. Nani anaandika barua siku hizi? Hata shemeji yako ameniuliza kama nimeishiwa vocha. Vocha ninayo. Ila nikikupigia simu utaisikia sauti yangu na utaniamini, nami sitaki uniamini. Jirani yetu mshonaji anasafiri kesho kuja huko kwenu, nimemwomba akupe mkononi, akusubiri uisome, asiondoke hata ukimwambia utaisoma baadaye.

Unakumbuka siku tulipotoka kupimwa, mimi na wewe, tukakaa sebuleni kwa mama na picha zetu za tumbo mapajani. Mimi nina uvimbe kwenye kizazi, na wewe unao. Mama akasema hata marehemu bibi alikuwa nao, tena mkubwa kuliko yetu, akacheka kana kwamba ni pete ya urithi. Ukasema hutakanyaga chumba cha upasuaji mpaka uone mwenzako ameingia akatoka. Nikakujibu mkubwa ni jalala, nitatangulia mimi, nikirudi mzima nawe utakwenda. Tulipeana mikono. Ulinishika kwa mikono yote miwili, mimi nikakucheka.

Basi nikatangulia. Upasuaji wenyewe ulikuwa wa matundu, ule ambao hawakupasui tumbo zima. Wanakutoboa vijitundu, wanaingiza kamera na vifaa vyembamba, na wanalijaza tumbo hewa ili wapate nafasi ya kufanya kazi. Daktari wetu ni mama mrefu, mpole, anayevaa miwani yenye kamba shingoni. Aliniambia nitabaki na makovu ya ukubwa wa vifungo vya shati na kizazi changu kitakuwa tayari kubeba mimba baada ya kupumzika miezi kadhaa. Hayo tu ndiyo niliyoyafuata pale, Ndimu. Unajua miaka niliyosubiri, na unajua maneno ya watu. Nilitaka mtoto, sikutaka jambo lingine.

Nilitoka nikiwa natembea mwenyewe. Waliniambia mabega yatauma kwa sababu ya ile hewa, tumbo litajaa, nisiogope. Wakaniambia pia nikipata homa, au kutapika, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, nipige simu wodini mara moja. Waliniambia vizuri kabisa. Sina ninalowalaumu hapo.

Hapa inabidi nikueleze kazi yangu, maana wewe huwa unasema kazi yangu ni kukaa kwenye kiti na kuongea. Ni kweli. Pale kampuni ya maji tunakaa safu kwa safu, kila mtu na vipokea sauti vyake masikioni, na msimamizi anaweza kuingia kwenye simu yako wakati wowote akakusikiliza bila wewe kujua. Anayepandisha sauti anakatwa alama. Lakini fundisho kubwa la pale siyo upole peke yake. Fundisho ni kwamba mteja akileta shida, umrudishie ikiwa ndogo kuliko alivyoileta. Akisema nyumba yangu imejaa maji, watoto wako juu ya meza, wewe unasema, nimekuelewa ndugu mteja, una changamoto ya uvujaji. Tunaita kukunja. Mteja analeta shuka, unamrudishia leso. Ajabu ni kwamba wengi hutulia. Miaka yote hii mimi ndiye ninayefundisha wapya kukunja, na msimamizi huwaambia wakae karibu nami wasikie.

Sasa sikiliza nilivyofanya. Siku ya tatu nyumbani maumivu yalibadilika. Yale ya mwanzo yalikuwa ya kuvuta, haya yalikuwa ya kuchana, upande wa chini kushoto, hata shati likinigusa nilitaka kulivua. Nikapiga simu wodini kama nilivyoagizwa. Nesi akaniuliza naendeleaje. Nikasikia mdomo wangu ukisema, habari za kazi dada, samahani kwa kukusumbua, nina changamoto kidogo ya tumbo. Akaniuliza ni makali? Nikasema yanavumilika. Akaniuliza natapika? Nilikuwa nimetapika asubuhi, nikasema kichefuchefu kipo kwa mbali. Akasema basi itakuwa ile hewa, nitembeetembee, ninywe maji ya moto, nikiona yamezidi nipige tena. Nikamshukuru. Nikamtakia siku njema.

Siku iliyofuata nikapiga tena, na nikakunja tena. Siyo kwamba nilikuwa najificha. Nilikuwa nataka msaada kweli kweli, nilikuwa nimeshika ukingo wa meza mkono mmoja na simu mkono mwingine. Lakini kila neno lilipofika mdomoni lilitoka limepigwa pasi. Nesi wa pili akacheka kidogo, akasema laiti wagonjwa wote wangekuwa waungwana kama mimi. Nikafurahi kusifiwa, Ndimu. Huo ndio ujinga wenyewe, nilifurahi.

Wewe mwenyewe ulinipigia siku hizo. Ulisema sauti yangu imenawiri.

Shemeji yako alikuwa anaondoka asubuhi na mkoba wake wa kutengenezea friji, anarudi jioni, ananiuliza vipi, namwambia nipo. Jioni moja alinikuta nimekaa sakafuni jikoni, nimeegemea kabati. Akaniuliza chakula kiko wapi, kwa utani, maana alijua sijapika. Nikamjibu, asante kwa kusubiri, simu yako ni muhimu kwetu. Akacheka sana. Akaingia kwenye utani, akaanza kulalamika kwamba mabomba ya kwake hayatoi ugali, anataka kuongea na meneja. Nami nikaendelea kumjibu, nikamwomba namba yake ya mita. Alicheka mpaka akaja kunipa mkono niinuke. Alipokigusa kiganja changu ndipo akaacha kucheka. Nilikuwa nawaka. Anasema nilimwomba namba ya mita tena ndani ya taksi, na getini hospitali, na sikuwa natania.

Pale mapokezi ya dharura akili ilinirudia kidogo, na ingekuwa heri isingerudi. Karani aliniuliza nina shida gani. Nikamwambia nilifanyiwa upasuaji siku chache zilizopita na ninaomba kuonwa na daktari wakipata nafasi. Ndivyo nilivyosema, wakipata nafasi. Akatuonyesha benchi. Shemeji yako naye unamjua, mtu wa samahani naomba kupita. Akakaa pembeni yangu ameshika bahasha ya vipimo. Akaja mtu mmoja amejikata kidole, anapiga kelele kama anachinjwa, wakamkimbiza ndani. Mimi nilimwona nikasema moyoni, huyu hana adabu. Nilikaa na adabu zangu mpaka nikaanguka kutoka kwenye benchi. Hapo walikuja wote.

Daktari wangu aliitwa kutoka kwake. Alikuja na viatu vya nyumbani, nakumbuka viatu hivyo kuliko uso wake. Aliniinamia akanieleza mambo mawili. La kwanza nakuambia sasa, la pili nitalifikia, nivumilie.

La kwanza ni kwamba utumbo ulikuwa umetoboka. Kile kifaa cha umeme wanachokatia uvimbe kiliugusa utumbo siku ya upasuaji, kikaunguza mahali padogo ambapo jicho halikuona, na pale palipoungua pakalegea siku baada ya siku mpaka pakafunguka. Uchafu ukamwagika tumboni. Alisema hutokea mara chache sana, hata kwenye mikono mizuri, na huokolewa haraka mgonjwa akiwahi. Hakusema nimechelewa. Aliniuliza maumivu yalianza lini, nikamwambia, akafumba macho.

Wakanipasua, safari hii tumbo zima, kutoka kitovuni kwenda chini. Nilipozinduka nilikuwa na mrija puani, mirija mingine ubavuni, na mfuko wa plastiki umebandikwa tumboni upande wa kushoto. Mfuko huo ndio choo changu kwa sasa, mpaka utumbo upone waurudishe ndani. Shemeji yako amejifunza kuubadilisha kwa ustadi kuliko manesi. Anaukata ule mduara wa plasta kwa mkasi wake wa kazini, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo, anasema ni kama kuziba gesi kwenye friji, usipobana vizuri inavuja. Huwa nacheka anaposema hivyo. Nacheka kwa sababu najua ni mahali pa kucheka.

Nesi yule wa simu ya kwanza alikuja kunitazama. Hakuwa na haja ya kuja, siyo zamu yake. Alisimama miguuni pa kitanda akaniambia kwenye simu nilisikika mzima kuliko yeye aliyekuwa amekesha. Alikuwa na machozi. Nikamwambia asijali, amefanya kazi nzuri. Usimchukie, Ndimu. Alijibu alichoambiwa.

Nililala pale muda mrefu, na nilimwomba shemeji yako asiwatie hofu. Ulipiga simu nikiwa bado na mrija puani, ukasikia nazungumza kwa pua ukadhani ni mafua. Nikakuambia ni mafua. Ukaniuliza kidonda, nikasema kinavuta kidogo tu. Ukafurahi, ukasema basi nawe unakwenda kuchukua tarehe yako, maana ahadi ni deni na mimi nimerudi mzima. Nikakuambia nenda, hakuna shida. Nilimsikia mwanamke anakuambia nenda, hakuna shida, nikamtazama shemeji yako kujua kama naye amemsikia. Ni mimi niliyesema.

Tarehe yako ni wiki ijayo. Ndiyo maana naandika.

Sasa jambo la pili. Daktari aliponiinamia na viatu vyake vya nyumbani, aliniambia kizazi kilikuwa na mshono mpya pale walipotoa uvimbe, na uchafu uliomwagika ulikuwa umekaa hapo hapo. Akasema atajitahidi kukiokoa. Lakini akikuta kimeoza hataweza kukiacha, kwa sababu kikibaki nitakufa. Akaniuliza kama nimeelewa. Akasubiri. Akasubiri sana kwa mtu mwenye haraka, Ndimu, nadhani alikuwa ananipa nafasi ya kulia, au kumshika mkono, au kumwomba. Nikamwambia, "Asante kwa taarifa, daktari."

Kimetolewa. Sina kizazi tena. Mtoto sitazaa.

Nimeandika hivyo waziwazi kwa sababu kwa mdomo nimeshindwa. Shemeji yako aliambiwa na daktari koridoni nikiwa bado sijazinduka. Alipoingia wodini alikaa kwenye kiti akalia, amejifunika uso na kofia yake. Mimi nilimtazama. Nilijua ananililia mimi na anajililia mwenyewe, na kwamba ningepaswa kusema kitu. Nikasema, "Samahani kwa usumbufu uliojitokeza." Aliondoa kofia akanitazama kama mtu aliyeingia nyumba siyo yake. Akasema, "Ongea na mimi, mke wangu." Sikujua ni nani ndani yangu wa kuongea naye. Mpaka leo tunaishi vizuri, ananifulia, ananisomea mechi kwenye simu, lakini usiku anageukia ukutani, nami naujua mgongo wake ulivyo akiwa macho.

Usinihurumie haraka, maana nami sijihurumii, na hilo ndilo linalonitisha. Nina ganzi. Siyo ya sindano, ile imeisha zamani. Asubuhi naamka, naugusa mshono, namwaga mfuko, nakunywa uji, natazama nguo za majirani zikikauka kwenye kamba. Wanaanika nguo za mtoto, nazitazama tu. Kazini wamenitumia kadi wote wameweka sahihi, msimamizi ameandika wapya wanauliza lini nitarudi kuwafundisha. Nimeiweka juu ya friji.

Sasa kuhusu wewe. Usifute tarehe yako. Najua ndilo jambo la kwanza litakalokujia, nami ningekuwa hapo ningekushika sikio. Mwanamke wa kitanda cha jirani alifanyiwa upasuaji ule ule, siku ile ile niliyofanyiwa mimi, na daktari huyo huyo, na sasa hivi anauza dukani kwake kama kawaida. Uvimbe wako unakumaliza damu, umekuwa mweupe kama karatasi. Nenda. Lakini ukirudi nyumbani na ukaumwa, usiseme yanavumilika. Usiseme changamoto. Piga kelele mpaka wakuchukie. Wakikuambia ni hewa, waambie waje waiguse hiyo hewa. Wakikuonyesha benchi, lala sakafuni katikati ya mlango wapite juu yako. Aibu utaivua baadaye kama nguo nyingine yoyote.

Na kuna mama. Ndiye atakayekuja kukuuguza, tayari amefunga mzigo. Mama hajui, Ndimu. Au niseme, nimemwambia, lakini hajui. Nilimpigia baada ya kutoka wodini, nikajipanga kabisa, nikamwambia mama, walirudia upasuaji, wameondoa kila kitu kilichokuwa na tatizo. Nilidhani nimesema. Akajibu Mungu mkubwa, sasa njia ni nyeupe, mwakani nitapakata mjukuu. Nikamjibu amina. Tangu hapo kila akipiga ananiuliza kama nakula mboga za majani ili damu ijae mapema.

Simlaumu. Alitulea vile vile alivyolelewa yeye. Tukianguka alikuwa akituambia nyamaza, watu wanatazama, na aliyenyamaza ndiye aliyesifiwa. Mimi nilisifiwa sana. Lakini mama wa namna hiyo hawezi kukaa kitandani pako kabla hajajua ukweli, kwa sababu utamwambia sijambo, naye atakwenda kulala.

Kwa hiyo kabla hujakwenda hospitali, nenda kwake. Usimpigie, nenda. Mkalishe. Mwambie dada hana kizazi, wamekitoa. Tumia maneno hayo hayo, usitafute mengine. Atasema Mungu mkubwa, atataka kuinuka aende kuteleka chai. Mshike asiinuke. Mwambie tena. Mwambie nilikuwa nateketea nikawa nawatakia watu siku njema. Wewe ni mwepesi wa machozi, kwetu tulikuwa tunakuonea aibu; safari hii lia mbele yake, wala usijipanguse, mpaka umuone ameelewa.

Akianza kulia, nipigie simu uiweke karibu naye. Usiseme neno, nitajua ni ninyi. Mimi sijalia hata mara moja tangu siku ile, na sijui panapoanzia. Nataka nimsikie yeye anavyofanya.

Nisalimie bwana wako, mwambie asikuache peke yako hata akiitwa na mwajiri wake. Shemeji yako anakusalimu, amekaa hapa mlangoni anasubiri nimalize aipeleke barua kwa mshonaji. Mama sijamwandikia salamu. Zake ni hizo nilizokutuma.

Ni mimi,
Dada yako